Kusasisha programu dhibiti ya ruta ya nyumbani, na kurekebisha muunganisho baada yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Maswali haya yamekusanywa katika kazi ya kutengeneza mitandao ya nyumbani, kuanzia Kamalondo na Katuba hadi Golf na Bel-Air. Yamefupishwa, kwa sababu muulizaji halisi huanza na salamu, hufuata na habari za mvua na za watoto, ndipo mwishoni anaposema kwamba Wi-Fi imekataa. Neno «ruta» hapa ni kile kifaa ambacho wengi mjini hukiita modemu au boksi ya Wi-Fi. «Kusasisha» ni kile ambacho wengi wetu hukitaja kwa Kifaransa tu: mise à jour.

## Kabla ya kugusa chochote

1. Programu dhibiti ni nini, na ina uhusiano gani na intaneti ninayonunua?

Ni programu iliyoandikwa ndani ya kumbukumbu ya ruta yenyewe. Ndiyo inayowasha redio za Wi-Fi, inayogawa anwani kwa simu na kompyuta za nyumbani, na inayozuia wageni wasiingie kutoka nje. Haina uhusiano na kifurushi unacholipia: ruta iliyosasishwa haiwezi kukupa kasi ambayo kampuni haikuuzii, na atakayekuahidi hivyo anakudanganya.

2. Ruta yangu inafanya kazi vizuri. Kwa nini niisumbue?

Kwa sababu ya usalama kwanza. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa njia rahisi mno: ilijaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha. Oktoba 2017 ilitangazwa kasoro iliyoitwa KRACK katika WPA2, yaani ule ulinzi wa Wi-Fi ambao karibu kila nyumba ilikuwa ikiutumia, na tiba yake ilikuwa kusasisha vifaa. Mei 2018 ikagunduliwa VPNFilter, iliyokuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 vya nyumbani na vya ofisi ndogo, katika nchi zisizopungua 54. Wenye vifaa hivyo nao wangekuambia kwamba ruta zao zilikuwa zikifanya kazi vizuri.

Sababu ya pili ni kasoro za kawaida: ruta inayoganda baada ya siku tatu, au redio inayopotea na kurudi. Hizi mara nyingine huponywa na toleo jipya, na mara nyingine huletwa nalo. Kwa hiyo sishauri mtu akimbilie kila toleo siku linapotoka. Kuangalia mara moja kila baada ya miezi mitatu au minne kunatosha, na iwe siku ambayo huna kazi ya kutuma kesho yake asubuhi.

3. Nitajuaje kama ruta ni yangu kuisasisha, au ni ya kampuni inayoniletea intaneti?

Ukiwa umeinunua mwenyewe dukani au sokoni, ni juu yako. Ukiwa umefungiwa na fundi wa kampuni pamoja na waya wa faiba, kwa kawaida kampuni ndiyo inayoisasisha kutoka mbali, bila kukuuliza, mara nyingi usiku. Kifaa cha namna hiyo usikipakie faili uliyoitafuta mwenyewe mtandaoni, hata kama jina la kiwanda linafanana, kwa sababu toleo la kampuni huwa limebeba mipangilio yake ya siri, na ukiifuta hata fundi wao atalazimika kuja nyumbani. Nyumba nyingi zina vifaa viwili: kile cha kampuni ukutani, na ruta ya mwenye nyumba iliyochomekwa nyuma yake. Cha pili ndicho tunachokizungumzia hapa.

4. Nitajuaje faili inayofaa ruta yangu?

Pindua ruta uangalie kibandiko cha chini. Utaona aina, kwa mfano herufi na namba, kisha mahali padogo palipoandikwa toleo la kifaa: V1, V2, V3 na kuendelea. Hapo ndipo watu wengi huanguka. V2 na V4 zinaweza kuwa na umbo moja, rangi moja na antena zilezile, huku ndani chipu zikiwa tofauti kabisa. Chukua faili kwenye tovuti ya kiwanda chenyewe, chini ya aina na toleo lako, na eneo la mauzo lilelile. Ikiwa faili imekuja katika zipu, ifungue kwanza; inayopakiwa ndani ya ruta huwa ile iliyomo, mara nyingi yenye mwisho wa .bin.

Ruta nyingi hukataa faili isiyo yake, lakini usiweke matumaini yako yote kwenye ukali wa mlinzi huyo.

5. Itakula mega ngapi?

Kidogo. Faili ya ruta ndogo huwa kati ya mega chache na mega 20 hivi, na za ruta kubwa za kisasa hufika makumi kadhaa. Video fupi ya harusi inakula zaidi. Ikiwa intaneti ya nyumbani tayari imekatika, pakua kwa mega za simu, kisha uhamishe faili kwenye kompyuta kwa kebo ya USB.

6. Niandike nini kabla ya kuanza?

Hili ndilo swali ambalo watu huliuliza baada ya kazi, wakati limekwisha kuchelewa. Sehemu kubwa ya «ruta imeharibiwa na toleo jipya» ninayoitiwa si uharibifu hata kidogo: ruta imesahau jambo ambalo mwenyewe hakuliandika popote.

Chukua daftari, si simu peke yake, uandike: jina la Wi-Fi pamoja na herufi zake kubwa na ndogo, neno lake la siri, neno la siri la kuingilia ndani ya ruta, namna ruta inavyopata intaneti, yaani kama inapewa anwani yenyewe au kwa jina na neno la siri la kampuni, mtindo unaoitwa PPPoE, na anwani ya ruta yenyewe, kama 192.168.0.1. Kisha piga picha za kurasa za mipangilio, na picha moja ya nyuma ya ruta inayoonyesha kebo ipi imeingia tundu lipi. Picha hiyo ya mwisho huonekana ya kitoto mpaka siku mtoto mwenyewe achomoe kebo zote.

Hifadhi pia faili ya mipangilio kwa kitufe cha kuhifadhi kilichomo ndani ya ruta. Hata hivyo, ukiwa unaruka matoleo mengi kwa mara moja, usiirudishe faili hiyo bila kufikiri. Muundo wake unaweza kuwa umebadilika, na ruta ikaanza kufanya vituko visivyoeleweka. Hapo daftari ni bora kuliko faili.

## Umeme

7. Umeme ukikatika katikati ya kazi, itakuwaje?

Nitaeleza niliyoyaona. Nilikuwa Katuba, sebuleni kwa mama mmoja, tunasasisha ruta yake majira ya saa moja usiku. Mstari wa asilimia kwenye kompyuta ulikuwa umefika 47. Feni ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Chumba chote kikabaki na mwanga wa kompyuta tu, na mstari ule ukiwa bado 47. Mama akasema polepole, «Fundi, courant imeenda.» Nje jenereta ya jirani ikaanza kunguruma. Umeme uliporudi ruta iliwasha taa moja tu, ya umeme, na zile nyingine hazikuwaka.

Sababu yake ni kwamba wakati wa kusasisha, ruta hufuta programu ya zamani na kuandika mpya mahali palepale. Ikikatizwa, inabaki na nusu ya kitabu. Baadhi ya ruta huhifadhi nakala mbili na kurudi kwenye ile nzima, lakini za bei nafuu kwa kawaida hazina anasa hiyo. Kinachobaki karibu kila mara ni ile sehemu ndogo ya kuwashia, ambayo haiguswi, na kwa sababu yake ruta ya yule mama ilifufuka siku ya pili (tazama swali la 20).

8. Nitapata wapi umeme wa uhakika kwa dakika kumi?

Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na ampea 1 au chini kidogo, yaani wati 12 kwa juu. Huo ni mzigo mdogo mno. Kile kibetri kidogo cha kuwekea ruta, kinachokaa kati ya adapta na ruta, kinaweza kuibeba kwa saa kadhaa. Hakikisha volti zilizoandikwa kwenye kibetri ni zilezile zilizoandikwa kwenye ruta. Kuna ruta za volti 9 na za volti 5, na ncha ya waya kuingia kwenye tundu si uthibitisho kwamba umeme wake unafaa. Kompyuta nayo iwe ya mkononi na betri yake ijae.

Jenereta inafaa ikiwa imekwisha kutulia. Hatari ipo wakati wa kubadili kutoka jenereta kwenda kwenye umeme wa SNEL, kwa sababu kubadili kwenyewe ni kukata, hata kama ni kwa nusu ya sekunde.

Kuna kosa moja ambalo nimechoka kulieleza, na nitaendelea kulieleza: stabilisateur si betri. Kazi yake ni kupandisha au kushusha volti zinapoyumba, na kwa hilo inasaidia sana jioni ambapo taa hupungua mwanga. Umeme ukikatika, nayo inazima papo hapo pamoja na ruta.

## Kazi yenyewe

9. Ninaingiaje ndani ya ruta? Kivinjari kinakataa kufungua ukurasa.

Andika anwani ya ruta katika sehemu ya juu ya kivinjari, si katika kisanduku cha kutafutia. Anwani hiyo huwa kwenye kibandiko; zinazoonekana zaidi ni 192.168.0.1, 192.168.1.1, na 192.168.8.1 kwa ruta nyingi za laini. Ikiwa hakuna kibandiko, tazama maelezo ya muunganisho kwenye kompyuta. Anwani iliyoandikwa «passerelle» ndiyo ruta yenyewe.

Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, usiogope hapa. Ruta haina cheti kinachotambulika duniani, nawe unazungumza na kifaa kilicho mezani pako. Onyo hilohilo kwenye ukurasa wa benki ni jambo jingine kabisa.

10. Hatua zenyewe zinakwendaje?

Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo ya mtandao, kwenye tundu mojawapo la ndani, si lile la kuleta intaneti. Wi-Fi haifai kwa kazi hii, kwa kuwa ikikatika wakati faili inapakiwa, faili itafika pungufu. Ingia, tafuta sehemu ya mfumo au ya usimamizi, kisha «Mise à jour du logiciel» au jina linalofanana nalo. Linganisha toleo lililopo na lile ulilopakua. Yakiwa sawa, funga na ukalale. Yakitofautiana, chagua faili, bonyeza, na uondoe mkono.

Sasa ngoja. Kazi huchukua dakika tatu hadi kumi. Taa zitazimika zote, zitawaka zote, zitameta kwa fujo. Ukurasa unaweza kuganda au kusema umepoteza muunganisho, jambo la kawaida kabisa kwa sababu ruta inajiwasha upya. Wanaoua ruta si umeme peke yake. Wapo pia wasiokuwa na subira, ambao dakika ya nne wanachomoa waya «kuisaidia».

11. Naweza kufanya kwa simu?

Ndiyo, ikiwa kiwanda kina programu yake ya simu na ruta inajipakulia toleo yenyewe. Katika hali hiyo simu inatoa amri tu. Kupakia faili kwa mkono kutoka kwenye simu kupitia Wi-Fi kunawezekana, lakini silipendekezi kwa sababu iliyotajwa katika swali la 10.

Zima pia mega za simu kabla ya kufungua anwani ya ruta. Simu ikiona Wi-Fi haina intaneti, huhamia kwenye laini kimyakimya, na huko nje hakuna anayeijua 192.168.0.1 ya nyumbani kwako.

12. Je, ni lazima kurudisha mipangilio ya kiwandani baada ya kusasisha?

Si lazima. Fanya hivyo pale tu ambapo umeruka matoleo mengi, au ruta inapofanya mambo yasiyo na maelezo hata baada ya kupitia maswali ya 13 hadi 19. Kitufe cha reset kiko ndani ya tundu dogo nyuma. Kibonyeze kwa kijiti kwa sekunde kumi hivi, ruta ikiwa inawaka. Baada ya hapo utalihitaji lile daftari.

## Baada ya kusasisha

13. «Fundi, Wi-Fi iko, lakini haitembee.»

Hili ndilo swali kuu, na jibu lake ni kufuata njia kutoka nje kuja ndani bila kuruka hatua.

Anza na jambo la aibu: hakikisha kifurushi hakijaisha. Nimewahi kutumia saa nzima kuichunguza ruta yangu mwenyewe, nikibadilisha kebo na kuilaumu programu mpya, kumbe kifurushi kilikuwa kimefika mwisho wake usiku uleule.

Kisha zima vifaa vyote. Washa kwanza kifaa cha kampuni, subiri dakika mbili mpaka taa zake zitulie, ndipo uwashe ruta. Kwenye kifaa cha faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, tatizo liko kwenye waya unaotoka nje. Iite kampuni na uiache ruta yako kwa amani.

Taa za nje zikiwa nzuri, ingia ndani ya ruta utazame ukurasa wa hali. Tafuta anwani ya upande wa intaneti. Ikiwa ni 0.0.0.0, ruta haijapewa kitu. Huenda jina na neno la siri la PPPoE vimefutika, au aina ya muunganisho imerudi ile ya kiwandani, au kebo imerudishwa tundu lisilo lake. Kampuni nyingine pia huitambua ruta kwa namba yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa. Kama ulikuwa umenakili namba ya kifaa cha zamani na sasa imefutika, kampuni inaona mgeni na haimfungulii.

Anwani ikiwapo, tazama simu au kompyuta. Ukikuta inaanza na 169.254, kifaa kimejipa anwani chenyewe baada ya kukosa wa kukipa. Ingia kwenye ruta kwa kebo, uhakikishe ugawaji wa anwani, yaani DHCP, umewashwa.

Vyote vikiwa sawa na bado kurasa hazifunguki, fungua dirisha la amri kwenye kompyuta uandike ping 1.1.1.1, kuuliza kama anwani hiyo ya nje inajibu. Ikijibu wakati majina ya kawaida ya tovuti yanagoma, intaneti inapita ila kitafsiri majina, DNS, ndicho kilichokufa. Weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 katika sehemu ya DNS ya ruta.

Limebaki jambo moja linalowachanganya hata mafundi. Baada ya kurudi mipangilio ya kiwandani, ruta yako na kifaa cha kampuni vinaweza vyote kujiita 192.168.1.1. Ni kama nyumba mbili za avenue moja zenye namba moja: mpeleka barua anabaki njiani. Badilisha anwani ya ndani ya ruta yako iwe, tuseme, 192.168.50.1, kisha uiwashe upya.

14. Jina la Wi-Fi langu limepotea, na kuna jingine nisilolijua.

Ruta imerudi kwenye jina la kiwandani, lile lililo kwenye kibandiko pamoja na neno lake la siri. Ingia nalo, kisha urudishe jina na neno la zamani herufi kwa herufi, kubwa kwa ndogo. Ukifanya hivyo, simu zote za nyumbani zitarudi zenyewe, nawe hutalazimika kumfuata babu chumbani kumwomba simu yake.

15. Simu mpya zinaingia, lakini printa na simu za zamani zinakataa.

Toleo jipya huenda limewasha WPA3, ulinzi mpya uliotangazwa mwaka 2018, ambao vifaa vya kabla yake kwa kawaida haviujui. Chagua mtindo wa mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Ukishindikana, baki na WPA2 yenye AES. Usirudi kamwe kwenye WEP, ulinzi wa zamani uliokwisha kuvunjwa, kwa ajili ya printa moja. Ni afadhali printa iende kwa kebo.

Sababu ya pili ni kwamba toleo jipya huenda limeunganisha masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, chini ya jina moja. Printa nyingi na kamera za ukutani hujua 2.4 GHz peke yake, na baadhi hupotea njia wakati wa kuunganishwa. Tenganisha majina hayo mawili.

Kifaa kimoja tu kikigoma, kiambie kwanza kiusahau mtandao huo, kisha ukiunganishe upya.

16. Mtandao wa 5 GHz hauonekani.

Subiri. Baadhi ya chaneli za 5 GHz hutumiwa pia na rada, na ruta inalazimika kusikiliza kwa dakika moja au zaidi kabla ya kurusha. Ukichoka kusubiri kila inapowashwa, chagua chaneli 36, 40, 44 au 48 ambazo hazina masharti hayo. Ikiwa bado haionekani, tazama kama toleo jipya limebadilisha nchi iliyochaguliwa. Jambo hilohilo hutokea kwenye 2.4 GHz: ruta ikihamia chaneli ya 12 au 13, vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya Marekani vinaweza visiione kabisa, ingawa simu iliyo karibu navyo inaiona.

17. Kasi imeshuka kuliko zamani.

Pima kwanza kwa kebo. Kasi ikiwa nzuri kwa kebo na mbaya kwa Wi-Fi, tatizo ni hewa. Ruta iliyojiwasha upya imechagua chaneli nyingine, na kwenye majengo ya katikati ya mji, ambapo simu huorodhesha mitandao ishirini, huenda imekaa juu ya jirani. Kwa 2.4 GHz chagua 1, 6 au 11. Kasi ikiwa mbaya hata kwa kebo, linganisha saa za siku kabla ya kulaumu toleo. Saa mbili usiku mji mzima uko mtandaoni. Angalia pia kama ugawaji wa kasi kwa kila kifaa, QoS, umewashwa na namba za kiwandani zilizo chini ya kifurushi chako.

18. Ruta inajizima na kujiwasha yenyewe tangu niisasishe.

Jaribu adapta nyingine yenye volti zilezile na ampea zisizopungua. Adapta iliyochoka huonyesha udhaifu wake redio zote mbili zikiwaka kwa nguvu. Ikiwa hali ni ileile, rejea swali la 12, na baada yake swali la 21.

19. Watoto wamezimiwa intaneti saa moja kabla au baada ya wakati. Kwa nini?

Ruta nyingi hazina betri ya saa. Kila umeme ukikatika husahau wakati na kuuliza upya mtandaoni. Baada ya kusasisha, eneo la saa nalo linaweza kubadilika. Lubumbashi ni UTC+2, wakati Kinshasa ni UTC+1, na baadhi ya orodha huonyesha Kinshasa peke yake kwa Kongo nzima. Chagua Lubumbashi, au Harare. Zima pia saa ya majira ya joto, kwa sababu sisi hatuna desturi hiyo.

## Hali zisizo za kawaida

20. Ruta imekufa: taa moja tu, hakuna Wi-Fi, hakuna ukurasa. Niitupe?

Usiitupe bado. Ruta nyingi zina hali ya uokoaji ndani ya ile sehemu ya kuwashia iliyotajwa katika swali la 7. Kwa kawaida unazima ruta, unashikilia kitufe cha reset, unaiwasha huku ukiendelea kushikilia kwa sekunde kadhaa, mpaka taa imete kwa namna isiyo ya kawaida. Kompyuta inaunganishwa kwa kebo na kupewa anwani ya kudumu kwa mkono. Kuanzia hapo njia zinatofautiana: baadhi ya viwanda hufungua ukurasa mdogo wa kupakia faili, vingine hutumia programu yao ya uokoaji, na vingine huifanya ruta yenyewe iombe faili kutoka kwenye kompyuta kwa TFTP, njia rahisi ya kuhamisha faili, ikitaka jina na anwani maalumu kabisa. Fuata maelekezo ya kiwanda kwa aina na toleo lako. Ruta ya yule mama wa Katuba iliokolewa kwa TFTP, baada ya kugundua kwamba ukuta wa moto (pare-feu), yaani mlinzi wa mtandao wa kompyuta yangu, ndio uliokuwa ukiizuia faili jioni nzima.

21. Naweza kurudi kwenye toleo la zamani?

Mara nyingi ndiyo, kwa hatua zilezile za swali la 10, kisha urudishe mipangilio ya kiwandani. Baadhi ya viwanda hufunga njia hiyo ili kasoro ya usalama iliyozibwa isifunguliwe tena. Soma maelezo ya toleo kabla ya kupanda, maana huenda hakuna ngazi ya kushukia.

22. Kiwanda hakitoi tena matoleo kwa ruta yangu. Je, OpenWrt?

OpenWrt ni mfumo huru unaotegemea Linux, na unaweza kuipa ruta ya zamani miaka mingine. Masharti yake: aina na toleo lako viwe katika orodha yao ya vifaa, na ruta iwe na kumbukumbu ya kutosha. Zenye mega 4 za hifadhi na mega 32 za RAM, ambazo bado zimejaa sokoni, zimeachwa na matoleo ya sasa. Ikiwa ruta yako haifai, iweke nyuma ya nyingine kama kituo cha Wi-Fi tu, au ibadilishe.

Ukinunua iliyokwisha kutumika, soma adapta kabla ya kulipa. Iliyoandikwa 120 V peke yake ni ya Marekani, na ukiichomeka kwenye volti 220 za hapa utaisikia kabla ya kuiona.

23. Ruta yangu ni ya kuweka laini. Baada ya kusasisha inaonyesha nguvu zote za mnara lakini hakuna intaneti.

APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni ya laini, imefutika. Uliza kampuni ya laini yako APN yake, uiandike kwenye wasifu mpya na uufanye kuwa wa kawaida. Hakikisha pia laini haikurudi kudai PIN. Kumbuka kwamba kuna ruta zilizofungwa kwa kampuni moja. Ukizipakia faili ya kampuni nyingine, zinaweza kuikataa laini yako.

24. Na wenye antena ya setilaiti ya Starlink?

Antena na ruta yake hujisasisha zenyewe, na hakuna faili ya kupakia. Kazi yako ni kuziachia umeme. Ukiwa umechomeka ruta yako nyuma yake, majibu yote ya hapo juu yanaihusu ruta hiyo.